Miezi Minane Nyumbani

Treni ya asubuhi ilikuwa ikijikokota ndani ya ukungu, kana kwamba nayo haijaamka vizuri. Mbele yangu muuguzi aliyepakata bahasha ya vyeti alimwambia mzee wa kando yake kwamba anakwenda kwenye usaili wa nne.

"Kote nimesema ukweli. Wodi ya watoto ilinimaliza nguvu, nikakaa nyumbani miezi minane. Wakatabasamu, wakasema watanipigia."

"Leo sema ulikuwa unamuuguza mama," mzee alimshauri. "Nimeajiri watu miaka ishirini, mwanangu. Aliyekiri kuchoka tulimweka pembeni."

"Na mliowachukua hawakuchoka?"

Mzee aligeuka kuutazama ukungu dirishani. Nami niliutazama, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Walichoka," alisema. "Ila walijua kuficha."

Treni ikasimama, milango ikafunguka, ubaridi mweupe ukaingia. Muuguzi aliinuka.

"Basi niambie, baba, ukilazwa leo, ungependa nani akuchome sindano? Mimi, au huyo anayejua kuficha?"

Akashuka bila kungoja jibu. Mzee alibaki amejishika mkono, chini kidogo ya bega.