Begi la Mgeni, Kapu la Bibi

Basi letu la Busan lilijaa, nami nimempakata mwanangu. Mbele yetu alisimama msichana wa Kizungu, akisafiri peke yake, na begi kubwa kifuani. Bibi aliyekaa kando yangu akalishika ukanda, akavuta.

"Unafanya nini, bibi?" msichana akang'aka kwa Kikorea cha kuokoteza. "Pasipoti yangu imo humu!"

"Nakupakatia, mwanangu. Aliyekaa hupakata mzigo wa aliyesimama."

"Mji uliopita nimeibiwa na mtu aliyeniita dada."

"Haya, sikuiti kitu tena. Lete!"

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka, maana asubuhi ile, tulipopanda basi, bibi huyuhuyu aliomba kumshika mwanangu nikakataa.

Bibi akaguna, kisha akamsukumia msichana kapu lake la dagaa wakavu. "Shika rehani. Ukikimbia nalo, mume wangu hali leo."

Msichana akalikumbatia kapu, akalegeza begi likatua mapajani mwa bibi, ila kidole kimoja kikabaki kwenye ukanda. Bibi naye bado alishika kishikio cha kapu.

Basi likasimama sokoni, kituo cha bibi. Hakuna aliyeachia.