Marehemu Nkwabi Shimba na Tundu la Seng'enge

Kwach, kwach, hiyo ndiyo sauti niliyoisikia usiku wa Jumamosi, tarehe 8 Oktoba 1977, nyuma ya nyumba yetu pale uwanjani, nikadhani ni ng'ombe anatafuna, nitaifikia, wazazi wangu, naomba mnivumilie, aliyepangwa kusoma wasifu ni shemeji Chenge, nikamwomba karatasi, nisome mimi mke wa marehemu, Dorotea.

Marehemu Nkwabi Shimba alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 ng'ambo ya ziwa, Sengerema, mtoto wa nne wa Mzee Shimba na Mama Ng'washi, akasoma mpaka darasa la nne mwaka 1955, akachunga ng'ombe, akavuka kuja Mwanza mwaka 1962 kubeba marobota ya pamba, na tarehe 1 Julai 1969 akaajiriwa na shule ya sekondari kutunza uwanja. Mwaka 1973 tukaambiwa uwanja ni wa wananchi wote, wanafunzi asubuhi, timu ya mtaa, Mwanga wa Ziwa, jioni, kwa hiyo chokaa aliipiga mara mbili, njia za riadha kwanza, kisha mistari ya mpira, na nyasi walizozing'oa wote aliziotesha peke yake, akirudi nyumbani anakaa tu, hata viatu havui.

Tulifunga ndoa tarehe 21 Juni 1975, mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza kidato cha nne, tukampata Suzana tarehe 2 Septemba 1976, na Malimi, tarehe 12 Januari mwaka huu, huyu niliyembeba mgongoni.

Sasa ile sauti. Viongozi wa timu walimjia mume wangu wakisema wageni wa Shinyanga wametega dawa kwenye lango la kuingilia uwanjani, vijana wasipite pale, usiku ule akakata seng'enge ya uzio, kesho yake wakapita kwenye tundu, na bado wakafungwa mbili bila. Kwa uchovu hakuliziba, na Jumatatu alfajiri mbuzi wa mtaani walikuwa wamepita palepale na kumaliza kabichi zote za bustani ya Elimu ya Kujitegemea, mlinzi, Mzee Masalu, akaachishwa kazi, eti alilala, mume wangu akanyamaza, nyumba ni ya shule na mimi nilikuwa na mimba. Mzee Masalu hakulala. Ndiye aliyepiga jembe la kwanza kaburini jana, shikamoo baba, na Mwalimu Mkuu yuko hapa, naomba amrudishe kazini, hata kama kesho nitaambiwa nitoe vitanda nje, naogopa, lakini nimeshasema.

Kikohozi kilimwanza Desemba, akalazwa hospitali ya mkoa tarehe 20 Januari, akafariki Ijumaa, tarehe 3 Februari 1978, saa kumi alfajiri, amenishika mkono, akiniambia Mama Suzana, usimwambie mtu, nikaahidi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na maji, walimu na wachezaji mliobeba jeneza pamoja bila kugombania zamu.

Baba Suzana, umechoka, chokaa atapiga mwingine, pumzika sasa kwa amani, nilikuahidi sitamwambia mtu, nimewaambia hawa waliokuja kukuzika, na zaidi ya hawa, sitamwambia mtu mwingine.