Aliyemwona Mayige Kutoka Kilimani

Benchi letu liko nje ya banda la Shigela, fundi baiskeli tunayemwita Injinia, kando ya barabara ya Kasoli. Juma lile habari ilikuwa moja tu: Mzee Mayige kapona. Alikuwa akichunga peke yake nyuma ya kilima cha Igunguli, akateleza, akaangukia korongoni, mguu ukavunjika, simu ikazama kwenye matope. Alilala pale toka asubuhi mpaka jua linaanza kushuka. Kule kileleni, wachungaji wa zamani walikokuwa wakisimama kuangalia mifugo, siku hizi kuna kibanda cha watalii cha kutazamia mbuga. Mama mmoja mgeni mwenye darubini aliona ng'ombe wamezunguka kitu, hawali. Akamwita Kabula, binti anayetembeza wageni. Kabula na wenzake wakashuka mbio.

Sasa pale kijiweni tukawa tunabishana: nani hasa kamwokoa mzee?

— Ng'ombe, alisema Injinia. Kawalea toka ndama. Walikaa kikao, wakakubaliana wasimwache.

— Kikao! Fredrick, wa bodaboda, tunayemwita Redio, alidakia. Mwenyekiti nani?

— Lile dume jeusi. Kwani humjui?

Onesmo, muuza kahawa, akamjazia Redio kikombe, akasema:

— Nyie hamjui kitu. Ni kilima chenyewe. Babu zetu wamechunga pale miaka yote, hakiwezi kumtupa mtu wake. Kiliinama kidogo, yule mama akaona mpaka chini korongoni.

— Kiiname, kibanda kisianguke? Redio akauliza.

— Nguzo nilichomelea mimi, Injinia akajibu. Kiiname kinavyotaka.

Tukacheka. Redio akangoja tumalize.

— Sikilizeni. Darubini za siku hizi zinaongea na setilaiti. Setilaiti ndiyo ilimwambia: "Mama, hapo chini kuna mzee wa Kisukuma, kavunjika."

— Kwa lugha gani? Onesmo akauliza.

— Kisukuma! Imezunguka huku siku nyingi, imeshajifunza.

Hapo ndipo tukamwona Mayige mwenyewe anakuja na magongo, mkewe Benedikta kamshika kiuno. Wote tukasimama, tukamwamkia.

— Mwadila, bhabha!

— Mwadila, wanangu. Kaeni, kaeni.

Tukampisha, akakaa katikati. Onesmo akampa kahawa kabla hajaomba. Mzee akakishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe.

— Nilikuwa nimeshaanza kuaga, alisema. Nikamtaja huyu Benedikta, nikawataja watoto. Ng'ombe wananipumulia usoni. Halafu nikasikia sauti ya Kabula huko juu, ananiita. Tulipokubali kile kibanda kijengwe, tulisema tu malisho yetu yabaki. Sikujua kitakuja kuniangalia mimi.

Benedikta akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. 

Pembeni alikuwa amekaa Joyness, mwalimu mgeni aliyehamia juzi kutoka Lamadi. Muda wote alikuwa anasikiliza tu.

— Samahani, alisema. Huyo mama aliyeona, anaitwa nani?

Tukatazamana. Injinia akamgeukia Redio. Redio akamgeukia Onesmo. Onesmo akasema hata Kabula hajui. Siku ile ilikuwa haraka, na kesho yake wale wageni walishaondoka.

— Nililala kwenye gari lao, Mayige akasema polepole. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwa yule mama mpaka hospitali. Njia nzima namshukuru: wabeja, wabeja. Na yeye ananijibu maneno ya kwao. Jina sikumuuliza.

 Mzee akanywa kahawa yake yote, akarudisha kikombe.

— Fredrick, kesho nipandishe kilimani.

— Na mguu huo, bhabha?

— Utaendesha taratibu. Kila mgeni atakayefika nitamwambia wabeja. Huenda mmoja wao anamfahamu, akamfikishia.

— Hupandi peke yako, Benedikta akamwambia. Nami nina yangu ya kumwambia.