Mama Godelieve na Mpichi wa Blanketi

Baada ya miaka kumi na saba ya kazi, Mama Godelieve Ndayizeye anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026. Shule yetu ya kusini-magharibi mwa Houston itabaki na majengo yake yote, lakini asubuhi zitakuwa ngeni.

Alianza kwa kufagia madarasa. Tulipopanda bustani ya matunda nyuma ya ukumbi wa chakula, ufagio ukawa unampeleka huko wenyewe. Hatimaye akakabidhiwa bustani, na watoto wakamfuata na hesabu zao, sayansi yao na michoro yao. Yeye aliwauliza kwa Kiswahili, wao walijibu kwa Kiingereza, na somo likaendelea chini ya mtini bila mtu kuona ajabu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mpichi. Mama Godelieve ametoka Burundi, ambako hakuna msimu wa baridi wa kuvua miti majani. Alipouona mpichi umebaki matawi matupu mwezi wa Desemba, huruma ilimshika. Kila mwaka aliufunika kwa mablanketi ya nyumbani kwake, na ndani akawasha taa za Krismasi upate joto. Michenza iliyofunikwa hivyo ilimshukuru kwa machenza. Mpichi ulilala usingizi mtamu, haukutoa ua hata moja. Ofisi ikaamua kwamba usipochanua mwaka unaofuata utakatwa, tupate nafasi ya magari ya wazazi.

Darasa la nne na mwalimu wao Intisar ndio waliogundua kwamba mpichi hauchanui mpaka uonje baridi sawasawa. Walimwendea polepole, kama watu wanaopeleka habari ya msiba. Mama Godelieve aliwajibu kwamba amewasikia, ila yeye hajawahi kumvua mtoto blanketi wakati wa baridi. Kisha akauvua mpichi blanketi. Msimu ule wote alikunywa chai yake dirishani, blanketi mapajani, akiutazama mti. Asubuhi nyasi zilipoganda sote tuliogopa. Yeye alisali rozari.

Siku moja ya Februari tulifika tukakuta mpichi mzima umejaa maua ya rangi ya waridi. Hakuna aliyefundisha ndani siku ile. Watoto walilala chali chini yake, maua yakiwadondokea usoni, na Mama Godelieve akalia mbele yetu bila kujificha. Magari ya wazazi mpaka leo yanaegeshwa barabarani.

Mama Godelieve, asante kwa yote. Ukalale mpaka jua lipande, ukale vizuri, ukawachoshe wajukuu kwa maswali. Blanketi ulilotuachia kabatini tutafunikia michenza. Mpichi tutauacha kwenye baridi yake, ingawa roho itatuuma, kama inavyotuuma leo kukuacha uende mji wa Katy kwa binti yako.

Mwanakhamis Aboud, maktaba, kwa niaba ya wenzako