Mtihani Ulionikuta Jamvini

Atukuzwe Mungu aliye hai, anayewaona walio peke yao hata pale ambapo watu wengine wote wanawapita! Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mimi ni mzee sasa na macho yangu yamechoka, lakini neno hili nimelibeba tangu ujana, na mchungaji wetu ameniomba niliandike nisije nikaondoka nalo. Kabla ya kusema lolote, namshukuru Mungu. Sasa nisikilizeni.

Nilizaliwa katika kambi ya shamba la mkonge, kati ya Muheza na Pongwe, wakati wa Waingereza. Baba yangu alikuwa manamba. Vijana wa leo wengi hawalijui neno hilo. Manamba alikuwa mtu aliyeandikwa kazi huko kwao mbali, akaletwa pwani kukata mkonge kwa mkataba. Baba alitoka Ubena, kusini, kwenye baridi. Alikuja kwa mkataba mmoja akabaki maisha yake yote. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, hata sura yake siijui. Katika pwani yote hii hatukuwa na shangazi, wala mjomba, wala binamu. Tulikuwa baba, mimi, na Mungu wetu.

Baba hakujua kusoma, ila alinisomesha. Nilifika sekondari mjini Tanga, nikalala bweni. Ilipofika miaka ya hamsini, nikiwa darasa la mwisho, walimu walinichagua nifanye mtihani wa kuingia chuo cha udaktari kilichokuwa nchi jirani, ng'ambo ya ziwa. Madaktari Waafrika siku zile walikuwa wachache mno, na mtoto wa manamba kuwa mmoja wao halikuwa jambo la kuwaza. Nilipomwambia baba, alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani, akatoka nje. Nikamsikia akiimba kwa Kibena, lugha ambayo mimi mwanawe naielewa nusu tu.

Ndugu zangu, mtihani ukiwa umekaribia, homa kali ilimshika baba. Niliitwa kutoka bwenini, na nilipofika kambini nikamkuta amekwisha kufunikwa shuka. Tukamzika katika makaburi ya kambi, nyuma ya mistari ya mkonge, mahali ambapo wengi wamelala bila hata jina.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Kambi yetu ilikuwa na watu wa makabila mengi, na kwa kuwa kila mtu alikuwa mbali na kwao, walijiwekea desturi yao ya msiba. Jamvi lilitandikwa mbele ya chumba cha marehemu, na mfiwa akakaa juu yake. Hakuinuka kwenda safari mpaka mtu wa ukoo afike kutoka kwao, amnyoe nywele, na kuanua matanga. Mfiwa akiinuka kabla, jamvi lilikunjwa, na marehemu alihesabiwa kuwa mtu wa njiani, aliyekufa bila kuwa na watu. Msicheke, ndugu zangu! Manamba hakuogopa kifo kama alivyoogopa jina hilo. Baba mwenyewe alikwenda kukaa kwenye majamvi ya watu asiowajua vizuri, ili wasiitwe hivyo.

Tulimpelekea simu ya maandishi baba yangu mkubwa, kaka yake baba, huko Ubena. Lakini njia ilikuwa ndefu, kwa lori na kwa treni, na hakuna aliyejua angefika lini. Ilikuwa wazi tu kwamba asingefika kabla ya mtihani.

Rafiki yangu Elisha, tuliyesoma darasa moja, ambaye kwao kulikuwa Muheza, alishuka kwenye basi akaja kunipa pole.

"Mwalimu mkuu anasema pole sana," akaniambia. "Anasema kama huwezi kuja, atakuombea usubiri mpaka mwakani. Lakini haahidi kitu. Umri wanautazama, na nafasi ya mwakani huenda akapewa mwingine. Nitapita tena keshokutwa nikirudi shule. Uwe na jibu, ndugu yangu."

Basi nikaachiwa jambo hilo mimi peke yangu. Nikienda, baba anakuwa mtu wa njiani. Nikibaki, kile alichokikatia mkonge miaka yote kinapotea, pengine kabisa.

Nikamwuliza Mzee Mgaya, ambaye alitoka Ubena pamoja na baba katika lori moja. Akasema, "Mimi siwezi kukufukuza wala kukuzuia. Lakini ukiinuka, nitalikunja. Nitalikunja nikilia, ila nitalikunja." Nikamwuliza msimamizi wa kambi, akasema, "Aliyekufa amekufa, kijana. Wewe nenda kasome." Mwinjilisti wetu alikuja, akapiga magoti, akaomba maombi mazuri, kisha akaomba radhi kwa kuwa kulikuwa na msiba mwingine kambi ya pili. Kila mmoja alisema lake akaenda zake.

Nawaambieni, sijapata kuwa mpweke kama siku zile. Jioni watu walikuja, wakakaa, wakaimba. Lakini alfajiri kengele ya kazi ililia na wote wakaenda kukata mkonge. Mchana kutwa nilibaki peke yangu juu ya jamvi kubwa la watu ishirini. Kwa mbali mashine ya kusindika mkonge ilinguruma bila kupumzika. Kuku walipita juu ya jamvi, nami sikuwafukuza, maana walikuwa ndio wageni wangu. Nilitazama mlango wa chumba chetu na kila mara nilidhani atatoka mtu.

Niliomba. Nilisema, "Bwana, niambie. Niende au nibaki?" Wapendwa, sitawadanganya ili ushuhuda wangu upendeze. Hakuniambia. Sikusikia sauti, sikuota ndoto. Nilifungua Biblia ya baba, ambayo alikuwa akiishika tu bila kuisoma, na maneno yakawa kama si ya kwangu. Nilimwambia Mungu, "Hata wewe umeenda kazini."

Elisha alipopita tena, nilimwambia, "Mwambie mwalimu nasubiri mwakani." Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndani nilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Sasa, mlangoni mwa kambi alikuwako mama mmoja wa Kiislamu, mtu wa Pemba, akiitwa Bi Mize, mjane, mpika vitumbua. Siku ile alikuwa amekuja jamvini kuniletea uji, akayasikia maneno yale. Akaweka bakuli chini.

"Unasubiri nini mwakani?" akauliza.

"Mtihani, bibi."

"Ule wa udaktari?" Akamgeukia Elisha. "Na wewe umekubali, umesimama hapo na shingo yako kama korongo! Usiende popote. Kaa hapo."

Kisha akakaa karibu yangu. "Mwanangu, baba yako kila asubuhi alinunua vitumbua viwili, kimoja chake, kimoja chako. Ulipokwenda bweni akaendelea kununua viwili. Nikamwambia, wee baba, mtoto hayupo, cha pili cha nani? Akaniambia, cha daktari. Nikamwuliza, na daktari anakilaje akiwa Tanga? Akasema, namlia mimi."

Ndugu zangu, tangu mazishi sikuwa nimelia. Siku ile nililia.

Wakataji walipotoka kazini, Bi Mize hakurudi kwake. Alimsubiri Mzee Mgaya, mikono kiunoni.

"Mgaya, hebu niambie. Hilo jamvi mmelipanda kama mkonge?"

"Jamvi ni la mfiwa, Bi Mize. Halikai bila mfiwa."

"Haya. Na mfiwa akiwa Tanga?"

"Ndiyo maana nasema asiende."

"Mimi nakuuliza jamvi, wewe unanijibu mtu! Jamvi haliwezi kupanda basi? Nyie wenyewe mmetoka huko kwenu juu ya lori kama magunia, leo jamvi ndilo linashindwa safari?"

Watu wakacheka. Mzee Mgaya hakucheka. Alilitazama jamvi kwa muda mrefu, kisha akawatazama wenzake. Akasema polepole, "Desturi inasema mfiwa asisafiri akaliacha jamvi. Haikusema jamvi likae wapi." Kisha akaongeza, "Lakini siku hiyo haitaandikwa kwenye kipande cha mtu. Anayekuja ajue."

Kipande kilikuwa kadi ya kazi, na siku usiyokata mkonge haikuhesabiwa. Sikutegemea kwamba mtu yeyote angekuja. Elisha alirudi shule na jibu jipya, nami nikafunga vitu vyangu.

Asubuhi ya mtihani tuliondoka pamoja. Walikuja wengi kuliko nilivyodhani, na jamvi likafungwa juu ya basi pamoja na vikapu vya machungwa ya Muheza. Mjini niliwaacha kwenye lango la shule yetu, mtihani ulikofanyika, nikaingia.

Nilikaa kwenye dawati langu, na upweke ukaingia pamoja nami. Wenzangu walikuwa watoto wa makarani na walimu. Walikuwa wamenyoa vizuri, wamepiga pasi. Mimi nilikuwa na nywele za msiba. Karatasi ikawekwa mbele yangu, nikasoma swali la kwanza, na sikuelewa hata neno moja. Nikaweka kalamu chini. Nilijisemea moyoni, nimemwacha baba njiani, na hapa pia sifai.

Ndipo nikasikia sauti kupitia dirishani. Mlinzi wa lango alikuwa akifoka.

"Nyie! Mnatandika nini hapa?"

"Tumefiwa," ilikuwa sauti ya Bi Mize.

"Mmefiwa hapa? Shuleni?"

"Mfiwa yumo ndani anaandika. Akimaliza atatoka kukaa. Na wewe punguza sauti, kuna mtihani."

Kisha nikamsikia mlinzi yule, kwa sauti nyingine kabisa, akisema, "Poleni sana. Sogezeni huku basi, kuna kivuli cha ukuta."

Ndugu zangu, hapo ndipo Mungu alipojibu! Siku zote nilizomwuliza niende au nibaki, hakujibu, kwa sababu jibu lake halikuwa mojawapo kati ya hayo mawili. Nilichukua kalamu. Nikasoma swali la kwanza tena, na likawa swali tu, nami nilikuwa nalijua.

Wakati wa mapumziko nilitoka nikakaa jamvini. Elisha akaja akakaa. Kisha wakaja wale vijana waliopiga pasi, mmoja mmoja, wakavua viatu na kunipa mkono wa pole. Kengele ilipolia tukainuka, tukarudi kuandika, na wakataji mkonge wakabaki kwenye kivuli cha ukuta wakiimba kwa sauti ya chini.

Baba mkubwa alifika siku kadhaa baadaye, tukiwa tumerudi kambini. Nilikuwa simjui. Alikuwa mzee mrefu mwenye sura ya baba, nami nusu ya maneno yake yalinipita. Alisimama kwanza akawatazama watu waliojaa pale, wa makabila yote, na mama wa Kiislamu akigawa chai. Mzee Mgaya alinitafsiria maneno yake: "Njiani nilikuwa nalia kwamba ndugu yangu amezikwa na wageni. Nionyesheni hao wageni, maana mimi siwaoni." Kisha akaninyoa.

Nilifaulu, kwa neema ya Mungu. Nilisoma ng'ambo miaka mingi, na nimetibu watu mpaka mikono ilipochoka. Siwaambii kwamba upweke haukurudi. Ulirudi! Bi Mize na Mzee Mgaya walifariki nikiwa mbali masomoni, na sikuwepo kuwakalia jamvi. Jambo hilo bado linaniuma. Lakini tangu siku ile ya lango la shule, kila nilipokaa peke yangu, sikudhani tena kwamba Mungu ameniacha. Nilijua kwamba pengine bado yuko njiani na watu wake, wanalitafuta lango.

Wewe unayesoma, pengine nawe umesimama kati ya mambo mawili na yote yanakuumiza, na umeomba hukujibiwa. Mtumaini Mungu. Usimharakishe, wala usimfungie njia zikawa mbili tu. Na kama wewe huna taabu leo, basi mtafute aliye jamvini peke yake mchana, wakati wengine wako kazini, ukakae naye.

Mungu wa wajane na wageni akutazame popote ulipo. Akupe ujasiri wa kuingia mahali unapoogopa, na utakapoingia, wawepo wa kwako nje wanaokungoja. Amina.