Mbuzi ya Shangazi

ANNONCIATA: Haloo? Ni nani?

THÉOPHILE: Ni kaka yako! Umefuta namba yangu?

ANNONCIATA: Kaka Théophile! Jambo. Ulifika Masisi salama? Barabara—

THÉOPHILE: Barrière tatu za jeshi! Askari akasoma tisheti yangu ya mafunzo, "Binti Kwanza, Masomo Kwanza," akatuacha tupite. Alisema naye iko na binti.

ANNONCIATA: Na mafunzo?

THÉOPHILE: We! Balinichagua prezida wa komite ya haki za mabinti, muji wetu wa Kibabi muzima! Asubuhi nilisoma hotuba: mutoto mwanamuke chini ya miaka kumi na nane, nafasi yake ni shuleni. Makofi, dada yangu! Mama Blandine, mukufunzi wetu, alifuta machozi.

ANNONCIATA: Na binti yako Généreuse, iko na miaka ngapi?

THÉOPHILE: Njo maana nilikupigia. Batu ya Munyakazi, ule atamuoa, banafika leo saa tisa, na ng'ombe ya mahari. Wende kwangu unipokelee.

ANNONCIATA: Kumi na tano.

THÉOPHILE: Haloo? Rezo iko mubaya—

ANNONCIATA: KUMI NA TANO!

THÉOPHILE: Usipige kelele, niko kwa veranda, batu ya mafunzo bako karibu! Sikiliza. Na hii vita, nitamuficha wapi? Munyakazi iko na boma, iko na batu. Ni kumulinda.

ANNONCIATA: Mafunzo ilisema vile?

THÉOPHILE: Mafunzo ni ya batoto ya batu. Généreuse ni wangu.

ANNONCIATA: Na hotuba, nani aliandika?

THÉOPHILE: (anakohoa) Généreuse. Iko na mwandiko muzuri.

ANNONCIATA: Juzi aliniletea karatasi ya brouillon yake, mbele ya kuiandika safi. Alinisomea yote, kisha akalia.

THÉOPHILE: Atazoea. Wewe shika tu kamba ya mbuzi yako. Shangazi asiposhika, mahari haipokelewi, unajua.

ANNONCIATA: Najua sana. Mbuzi ya mahari yangu ilishikwa niko darasa la tano. Inaniuma mpaka leo, kaka.

THÉOPHILE: Dakika moja tu! Shika, ufunge kwa muti—

ANNONCIATA: Siko Kibabi. Tuko Kibua, kwa masista. Tulikuja na pikipiki ya jirani Muhindo.

THÉOPHILE: Tu— wewe na nani?

ANNONCIATA: Bamemupokea interna, atasoma na kulala hapa. Baliuliza baba yake ni nani, nikasema ni prezida wa komite. Bakafurahi!

THÉOPHILE: Annonciata! Ng'ombe iko njiani! Nitabaambia nini?

ANNONCIATA: Ubasomee hotuba.

THÉOPHILE: Nakuja kumutoa huko mwenyewe! Nita— Eh? Ndiyo, Mama Blandine! Ni dada yangu. Anafanya... anapeleka binti yangu shuleni.

ANNONCIATA: Hiyo kelele ni nini?

THÉOPHILE: (sauti ndogo) Banapiga makofi.

ANNONCIATA: Basi simama, uinamishe kichwa. Généreuse anakusalimia.

THÉOPHILE: Anasema nini?

ANNONCIATA: Anauliza hotuba ya kesho iwe juu ya nini.

THÉOPHILE: Mwambie... unités za simu zinaisha, mwambie— Annonciata, na mbuzi nani atashika? Haloo? Haloo?