Fundi Takriban na Gia ya Shaba

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za sufuria, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye angetaka kujua mmezipunguza kwa kiasi gani. Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sabini na mbili. Narudia, sabini na mbili. Cheti nimekiona kwa macho yangu.

Karakanani walimwita Fundi Takriban. Jina la kumchokoza tu, kwa sababu neno hilo lilimwasha kuliko upupu. Kazi yake ilikuwa kupima ugumu wa metali. Mashine inakandamiza gololi juu ya kipande, kisha unapima kishimo kilichobaki. Kishimo kikubwa, metali laini. Kishimo kidogo, metali ngumu. Kasheshe ni kwamba vipimo viko vingi. Kuna Brineli, kuna Rokweli, na kila kimoja kina namba zake. Ndiyo maana watu hutumia jedwali kugeuza namba ya huku iwe ya kule.

Nyumbani nako alikuwa balaa. Mkewe ameniambia: "Mkate wangu lazima aubonyeze kwa kidole gumba kwanza. Siku moja nikamuuliza, baba watoto, hivi unanipenda? Akanijibu, ukilinganisha na nini?" Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Sasa sikilizeni kisa cha gia. Karakana ilitengeneza gia ya shaba ya lifti, jengo la ghorofa sita. Mteja alitaka ugumu wake kwa Rokweli. Karakana ilikuwa na mashine ya Brineli tu. Msimamizi akasema, "Jedwali si hilo ukutani? Geuza namba, tia sahihi, gari linangoja."

"Bosi, jedwali hili ni la chuma. Hii ni shaba."

"Kwani zote si metali?"

"Hata mimi na wewe sote ni binadamu, bosi, lakini suruali yako itanivuka."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Bosi, mwenye kiuno cha pipa, hakucheka. "Tia sahihi, au vua koti la kazi!"

Nyumbani kulikuwa na watoto wanne na mshahara mmoja. Fundi akavua koti. Akasema, "Nipe saa tatu tu," akaitia gia kwenye toroli, akaisukuma kilomita nne hadi chuo cha ufundi chenye mashine ya Rokweli. Kilomita nne, wasikilizaji, na fulana yenye tundu mgongoni! Binti yake anakumbuka: "Tulikuwa tunatoka shule. Mwenzangu akasema, mcheki yule kichaa. Nikamwambia, yule kichaa ni baba."

Alirudi na namba. Ilipishana na ile ya jedwali kwa mbili tu. Mbili! Bosi alicheka akashika ukuta. "Jasho lote hilo kwa mbili?"

Fundi akajibu, "Asubuhi tulikuwa na bahati, bosi. Sasa tuna namba."

Gia ikaondoka na namba iliyopimwa. Fundi naye akaondoka, kafukuzwa kwa ubishi.

Bosi huyo, ambaye sasa ni mstaafu, amenisimulia mwenyewe yaliyofuata: "Wiki mbili baadaye lifti ikafunguliwa, wakanipa heshima ya kupanda wa kwanza. Kufika ghorofa ya tano, ikatikisika kidogo. Nikajikuta nasema moyoni, tulia, imepimwa. Niliposhuka, miguu ilinipeleka moja kwa moja kwa yule mbishi. Koti nililifua mimi mwenyewe."

Fundi alilipokea mlangoni, lakini hakulivaa. "Kwanza kaandike juu ya jedwali: LA CHUMA TU."

Bosi akaandika, kwa rangi nyekundu. Fundi akafanya kazi pale miaka ishirini na sita mingine.

Pole sana mama, poleni watoto, pole na wewe bosi. Mola amlaze pema. Nasi tuliobaki, kabla ya kumwapia mtu kwamba jambo tunalijua, tujiulize: tumelipima, au tumelisoma ukutani?